"Bwana Mungu, Nashangaa Kabisa": Dhana Potofu na Ukweli Kuhusu Waliouandika

Wimbo huu huimbwa kwenye ibada za Jumapili, kwenye mikesha ya misiba na hata harusini, na waumini wengi wa Tanzania na Kenya wanauimba bila kufungua kitabu. Kwa kuwa unapendwa kiasi hicho, umezungukwa na masimulizi mengi, na baadhi yake yanawanyima heshima yao wahubiri walioshika kalamu kweli.

Dhana: Wimbo huu ni wa Billy Graham, mhubiri wa Marekani, au wa mwimbaji wake.

Si kweli. George Beverly Shea, aliyekuwa akiimba katika mikutano ya Graham, aliuimba Toronto mwaka 1955, kisha New York mwaka 1957, ambako ulisikika katika ukumbi wa Madison Square Garden karibu mara 100. Wako pia wanaoudhania kuwa wa mwanamuziki Elvis Presley, kwa sababu alishinda tuzo ya muziki ya Grammy kwa albamu ya mwaka 1967 iliyobeba jina la wimbo huu kwa Kiingereza, "How Great Thou Art". Hao waliutangaza, na waliutangaza vizuri sana, lakini maneno yalikuwapo tangu mwaka 1885, katika nchi nyingine na kwa lugha nyingine.

Dhana: Mtunzi aliuandika akiwa katikati ya dhoruba, akihofia maisha yake.

Carl Boberg, mwana wa seremala kutoka Mönsterås, kusini-mashariki mwa Uswidi, aliwahi kweli kuwa baharia kabla ya kuokoka akiwa na umri wa miaka 19 na kuanza kuhubiri. Hata hivyo, siku iliyomletea wimbo huu alikuwa nchi kavu, karibu na kwao. Kwa maelezo yake mwenyewe, radi ilipiga, upepo ukavuma, mvua ikanyesha, kisha kila kitu kikatulia na upinde wa mvua ukatokea; alipofungua dirisha aliiona ghuba imetulia kama kioo, akasikia ndege akiimba msituni na kengele za kanisa zikilia jioni. Kilichomsukuma kuandika ni utulivu ulioifuata dhoruba, wala si hofu yake. Anayeimba kwa Kiswahili anaweza kuiona alasiri hiyo mbele ya macho yake, maana ubeti wa kwanza una ngurumo, na wa pili una ndege, milima na upepo wa kufurahisha.

Shairi lilichapishwa katika gazeti la mji wake tarehe 13 Machi 1886, likiwa na beti tisa. Mara nyingi husemwa kwamba na tuni ni yake, lakini tuni ni ya wimbo wa kienyeji wa Kiswidi, na Boberg mwenyewe alishangaa kuyakuta maneno yake yakiimbwa kwa tuni hiyo katika mkutano jimboni Värmland. Mwaka 1891 aliyachapisha pamoja na noti katika gazeti la Kikristo alilokuwa akilihariri. Baadaye akawa mbunge.

Dhana: Mmisionari Mwingereza Stuart Hine aliutafsiri moja kwa moja kutoka Kiswidi.

Hili ndilo kosa linaloficha sehemu nzuri kuliko zote za historia hii. Mwaka 1907 Manfred von Glehn, Mjerumani aliyeishi Estonia, aliutia shairi hilo katika Kijerumani. Kutoka Kijerumani, mhubiri Ivan Prokhanov aliuleta katika Kirusi mwaka 1912. Hine na mkewe Edith waliujua kwa Kirusi walipokuwa wakihubiri Ukraine, na katika miaka ya 1930 waliuimba wawili hao vijijini kwenye milima ya Carpathia. Kwa hiyo Hine hakuwa na ukurasa wa Boberg mezani pake. Alikuwa na wimbo uliokwisha kupita vinywani mwa watu wengine, nao ulimfikia ukiwa na lafudhi yao.

Tena hakuishia kuutafsiri kwa Kiingereza. Beti zake mbili za mwanzo zinafuata wazo la Boberg, zikiwa zimechanganywa na radi na misitu aliyoiona mwenyewe kule milimani, lakini wa tatu ni wake. Alisimulia kwamba alifika katika kijiji kimoja akamkuta mwanamke, aliyejifunza kusoma kwa Biblia iliyoachwa na askari, akiwasomea watu waliojaa nyumbani mwake habari za kusulubiwa kwa Yesu katika Injili ya Yohana, nao wakitubu kwa sauti na kustaajabu kwamba Mungu anaweza kupenda hivyo. Hine aliyanakili maneno yao ya mshangao, na kwayo akaujenga ubeti. Tunapoimba kwamba jambo hilo ni vigumu kulitambua, tunarudia mshangao wa wanakijiji ambao majina yao hayamo katika kitabu chochote cha nyimbo. Kwangu mimi, hao nao ni watunzi.

Dhana: Ni wimbo wa zamani, kwa hiyo hauna mwenyewe.

Boberg alifariki mwaka 1940, na maneno yake ya Kiswidi yako huru. Hine alifariki mwaka 1989, na kwa sheria ya Uingereza hakimiliki hudumu miaka 70 baada ya kifo cha mwandishi. Kwaya inayotaka kurekodi maneno ya Kiingereza inapaswa kuomba idhini kwanza.

Dhana: Uliletwa kwetu na wamisionari wa kwanza, katika karne ya 19.

Beti za Kiswahili zenyewe zinakataa. Ziko nne na si tisa, na zinamfuata Hine hatua kwa hatua, hasa katika ubeti wa mwisho, ambao haukuwapo kabla ya mwaka 1948. Mwaka huo Hine alitembelea kambi ya wakimbizi wa Kirusi huko Sussex, Uingereza. Mmoja wao alimweleza jinsi vita vilivyomtenganisha na mkewe; mke alikuwa mwamini na yeye hakuwa. Baadaye aliamini, akatamani kumpata amwambie, lakini hakuwa na tumaini la kumwona tena hapa duniani, ila mbinguni tu. Kutokana na maneno yake Hine aliandika ubeti wa nne, na mwaka 1949 wimbo wote ukachapishwa. Kwa Kiswahili ubeti huo unaanza "Yesu Mwokozi, utakaporudi", na ndio ambao waombolezaji wengi huuimba wakiwa wamesimama kando ya jeneza.