Bisi za karameli na korosho: kwa nini zako zinanata

Wateja wangu wengi huniuliza, "zako zinakaaje kavu hivyo, mbona zangu zikipoa tu zinaganda kwenye meno?" Shida ni maji. Ile karameli ikitoka jikoni bado ina maji ndani, ukiimwagia bisi ukaishia hapo umezilowesha, basi. Lazima ziingie kwenye oveni zikauke taratibu, nyuzi 120, dakika 45 mpaka saa nzima, na kila baada ya dakika 15 unazitoa unazigeuza. Watu wanairuka hii hatua maana kwa macho zinaonekana zimeshaiva. Huna oveni? Sufuria nzito, mkaa kidogo chini na kidogo juu ya mfuniko, ila hapo usibanduke maana sukari inaungua fasta.

Mbegu sasa. Mahindi ya ugali hayapasuki vizuri, nunua mahindi ya bisi yenyewe, nusu kikombe inajaza trei kubwa. Ndani ya punje kuna maji kama asilimia 14, yakipata moto yanakuwa mvuke, ganda linabana weee mpaka kwenye nyuzi 180 hivi linashindwa, paa. Ndo maana mbegu iliyokaa dukani ikakauka inakuachia punje kibao chini ya sufuria. Mbegu kavu hivyo, kabla hujazikaanga, zitie kwenye chupa na kijiko cha maji, funga, tikisa, acha siku mbili tatu, zinarudi. Na ukishakaanga toa punje zote ambazo hazijapasuka, ikijificha kwenye karameli mtu anavunja jino!

Korosho natumia za vipande, bei nafuu na kila mtu anapata, kikombe kimoja. Zikaange kavu KABLA mpaka zinukie na zipate madoa ya kahawia, kwa sababu nyuzi 120 ni ndogo, mbichi zitabaki mbichi. Karanga pia poa, toa maganda tu.

Karameli yenyewe: sukari ya kahawia kikombe kimoja, siagi ya maziwa nusu kikombe (zile laini za kupaka mkate nyingine zimejaa maji), asali robo kikombe, chumvi nusu kijiko cha chai. Asali usiiache hata kama hupendi utamu mwingi, ndo inayozuia sukari isirudi kuwa chengachenga. Ikianza kuchemka acha kukoroga, hesabu dakika 5, moto wa wastani. Waliozoea kupika kashata wanajua kipimo, dondosha tone kwenye maji baridi, likijikusanya na kubonyea kwa shida iko tayari.

Epua, tia bekingi soda nusu kijiko cha chai (sio bekingi pauda), koroga haraka. Itafura povu na rangi itapauka, ni gesi hiyo, na vile vipovu ndo vinafanya karameli ikatike kirahisi ukitafuna. Mwagia bisi na korosho hapohapo, geuza kwa mwiko, mkono usitie kabisa, karameli ina moto kuliko maji yanayochemka na ikikugusa haibanduki.

Zikitoka kwenye oveni zitandaze, zitenganishe zikiwa vuguvugu. Sisi wa Dar, Tanga na Mombasa hewa yetu ina unyevu na sukari inaunyonya, kwa hiyo zikishapoa kabisa weka kwenye chombo chenye mfuniko wa kubana. Zikinata usitupe jamani, zirudishe kwenye oveni nyuzi zilezile dakika 10 mpaka 15, ziache zipoe ndo uonje.