Kodi ya Luku, ushuru wa korosho na bajeti ya halmashauri: tunayoamini na ilivyo kweli

Jamani huku Mtwara kila mwezi ukianza lawama ni zile zile, mtu kanunua umeme wa Luku (ule wa kulipia kabla) kakatwa 1,500 ya kodi ya jengo, akitoka nje anakuta mtaro umeziba na taka zimejaa, basi "halmashauri inakula hela zetu". Hasira naielewa kabisa, ila hiyo hela tunaidai kwa mtu ambaye hakuipokea.

Kweli zamani kodi ya majengo walikuwa wanakusanya halmashauri wenyewe. Julai 2016 kazi ikapelekwa TRA (Mamlaka ya Mapato), 2021 ikaingizwa kwenye Luku kwa 1,000 kila mwezi nyumba ya kawaida, 2023 ikapanda 1,500 yani 18,000 kwa mwaka, ghorofa wanalipa zaidi. Kwa utaratibu huo TRA anakusanyia serikali kuu, halmashauri inasubiri itakachoshushiwa. Ukimbana diwani wako wa kata ya Chikongola na meseji ya Luku mkononi atakwambia hela haiko kwake, na hapo wala hajakudanganya.

Dhana nyingine kubwa ni kwamba bila hiyo kodi ya jengo halmashauri inakufa. Hapana. Mishahara ya walimu na manesi, na hela nyingi za miradi, zinatoka serikali kuu. Kinachobaki ni mapato ya ndani: leseni za biashara, ushuru wa soko na stendi, samaki, ushuru wa huduma kutoka makampuni (Mtwara Vijijini wana gesi na kiwanda cha saruji), na kwa Tandahimba, Newala, Masasi, Nachingwea, Liwale, huko kote mhimili ni korosho. Ushuru wa mazao ya biashara ni asilimia 3, ulishushwa kutoka 5 mwaka 2017. Sasa piga hesabu na mimi: mnada wa kwanza wa Oktoba 2024 bei ilivuka 4,000 kwa kilo, tuchukue 4,000 kamili, asilimia 3 ni shilingi 120, gunia la kilo 80 linatoa 9,600. Gunia mbili tu zimeshapita kodi ya jengo lako ya mwaka mzima! Na gunia zinazopita kwenye maghala ya AMCOS zetu (vyama vya msingi vya ushirika) kila mtu anaziona.

Hapo hapo watu wanachanganya, wanasema makato yote ya korosho ni ya halmashauri. Sio kweli. Ukiangalia mjengeko wa bei (orodha ya makato ya kila kilo) kuna cha AMCOS, cha chama kikuu, ghala, usafirishaji, kila kimoja kina mwenyewe. Ule ushuru wa halmashauri kisheria mlipaji ni mnunuzi. Na ushuru wa korosho ghafi zinazopakiwa kwenda nje ni wa serikali kuu, huo tusiwadai madiwani.

Kitu ambacho naona hatukisemi kabisa ni kalenda. Mwaka wa bajeti unaanza Julai mosi, minada ya korosho inaanza Oktoba. Halmashauri inayotegemea korosho inaingia mwaka mpya wakati hela yake bado iko mtini, kwa hiyo zahanati ya kijiji ikisimama Agosti sio lazima kuna mtu kaiba, inawezekana ila sio lazima. Mvua ikiharibu maua au bei ikianguka, bajeti iliyopitishwa inakuwa karatasi, na ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa mikopo (wanawake 4, vijana 4, wenye ulemavu 2) nayo inapungua. Swali la kuuliza kwenye mkutano wa kijiji ni hili: msimu huu ushuru wa korosho umeingia shilingi ngapi, na umeenda wapi? Hilo mkurugenzi hawezi kusema liko TRA.

Wapangaji nao wanaamini kodi ya jengo ni yao kwa sababu Luku wananunua wao. Mdaiwa ni mwenye nyumba, ongea naye mkatane kwenye kodi ya pango. Na pango la ardhi ni kitu kingine kabisa, kulipa Luku hakukufutii deni la kiwanja.

Alafu wazee wetu wanaumia bure. Mwenye miaka 60 na kuendelea amesamehewa kwa nyumba yake moja anayoishi mwenyewe, ila mita haijui umri wa mtu. Kama una bibi au babu Mikindani au Mingoyo bado anakatwa, mchukulie kitambulisho na namba ya mita, mpeleke ofisi ya TRA akaombe msamaha wake.