Kupima risasi ulizojaza mwenyewe: matundu matatu hayatoshi

Wengi wanaojaza risasi wenyewe, yaani wanaotia fataki ya kuwashia, baruti na kichwa kinachoruka kwenye ganda, hupima hivi: vipimo sita tofauti vya kiasi cha baruti, risasi tatu kwa kila kipimo, shabaha mita 100. Karatasi yenye matundu yaliyobanana zaidi ndiyo inayochaguliwa. Nashauri njia hii iachwe, kwa sababu karatasi iliyoshinda mara nyingi imeshinda kwa bahati.

Kundi la matundu hupimwa kwa umbali kati ya matundu mawili yaliyoachana zaidi. Umbali huo hukua kadiri unavyoongeza risasi, hata kama hakuna kilichobadilika. Bunduki ambayo makundi yake ya risasi tatu ni mm 25 kwa wastani itatoa takribani mm 32 kwa risasi tano na mm 40 kwa risasi kumi. Isitoshe, makundi ya risasi tatu yenyewe yanayumba sana: bunduki hiyohiyo inaweza kukupa mm 12 asubuhi na mm 40 mchana, na zote mbili zikawa sehemu ya hali yake ya kawaida. Sasa chukua vile vipimo sita na tuseme havitofautiani hata chembe. Bado kundi dogo kuliko yote litatoka karibu mm 13 na kubwa kuliko yote karibu mm 37. Anayetazama karatasi hizo ataapa kwamba bunduki imechagua.

Kwa hiyo mimi hutenganisha kazi mbili ambazo watu huzichanganya: kutafuta mpaka wa usalama na kutafuta usahihi.

Kazi ya kwanza haihitaji makundi. Anza na kipimo cha chini kilichoandikwa kwenye jedwali la mtengenezaji wa baruti, kwa kichwa kilekile na fataki ileile inayotajwa humo, kisha panda hatua kwa hatua, risasi moja moja. Usivuke kipimo cha juu cha jedwali. Baada ya kila mlio kagua ganda: fataki iliyobapa na kujaza kingo za shimo lake, alama inayong'aa kwenye kitako cha ganda pale kitema ganda kinapokaa, au bolti inayogoma kuinuka. Ukiona mojawapo, simama na urudi chini, hata kama jedwali bado linaruhusu. Dalili hizi huchelewa kujitokeza, kwa hiyo kutoziona si uthibitisho kwamba shinikizo ni la kawaida. Na mlio ukiwa hafifu kuliko kawaida, usipige tena: huenda ganda lilikosa baruti na kichwa kimekwama ndani ya mtutu. Elekeza mtutu mahali salama, subiri kidogo, toa bolti na uchungulie mtutu kutoka nyuma.

Katika kazi ya pili chagua vipimo viwili au vitatu tu, na ujaze angalau risasi kumi kwa kila kimoja. Usizipige kumi mfululizo. Mtutu wa bunduki ya kuwindia ni mwembamba. Ukipata joto unaweza kusogeza matundu upande, na mvuke wa joto mbele ya darubini huifanya shabaha icheze. Piga tatu, fungua bolti, acha mtutu upoe mpaka uweze kuushika bila kuungua, kisha endelea. Zungusha pia zamu: tatu za kipimo A, tatu za B, tatu za C, halafu rudi A. Ukimaliza A yote kabla ya kugusa B, upepo uliozuka katikati na uchovu wa bega vitahesabiwa kama kosa la B. Kila kipimo kiwe na karatasi yake hadi mwisho, ili matundu yote kumi yakusanyike pamoja.

Badala ya umbali wa matundu mawili ya pembeni, tafuta kitovu cha kundi, pima umbali wa kila tundu kutoka hapo, kisha chukua wastani. Hesabu hii hutumia kila risasi uliyopiga, ndiyo maana haiyumbi sana. Tundu lililokimbia lisifutwe. Liondoe tu ikiwa ulijua kwamba risasi hiyo uliipiga vibaya, na ukasema hivyo kabla ya kutazama karatasi.

Kabla ya kulaumu baruti, kagua vinavyoshikilia kila kitu. Skrubu za kitako cha bunduki na za pete za darubini zikilegea, hakuna kipimo kitakachotulia. Mfuko wa mchanga wa mbele ukae chini ya mbao ya mbele ya bunduki, kamwe usiwe chini ya mtutu, na kila mara uwe sehemu ileile. Wa nyuma ushike kitako. Bunduki ikiwa imetulia, sogeza jicho kidogo huku na huku nyuma ya darubini: alama ya msalaba ikitembea juu ya shabaha, rekebisha paralaksi (kuhama huko kwa alama) ikiwa darubini yako ina kirekebishi, kama haina, weka shavu mahali pamoja kila risasi. Upepo nao si mdogo kama unavyodhaniwa. Upepo wa ubavuni wa mita 5 kwa sekunde husogeza risasi ya kawaida ya kuwindia karibu sm 2 kwa mita 100, yaani karibu kundi zima unalolitafuta.

Kipima mwendo kina faida, ila kwa mita 100 kinasema machache kuhusu karatasi. Tofauti ya mita 20 kwa sekunde, kwa risasi inayotoka kwa mita 800 kwa sekunde, hubadilisha kimo cha tundu kwa mm 4 hivi. Kwa mita 300 tofauti hiyohiyo inafika karibu sm 4. Anayewinda porini penye vichaka asipoteze baruti akifukuza mwendo unaolingana. Anayepiga ng'ambo ya bonde ana haki ya kuhangaika.

Kina cha kichwa ndani ya ganda ni jambo la kujaribu baada ya baruti, kwa hatua za nusu milimita hivi. Tahadhari ni mbili. Kichwa kinachogusa mifereji ya mtutu hupandisha shinikizo, na kilichozama kupita kipimo cha jedwali nacho hulipandisha. Risasi iliyokamilika lazima pia iingie kwenye magazini. Jaza magazini, piga moja, kisha pima urefu wa zilizobaki: teke la bunduki likizifupisha, ganda halikushika kichwa vya kutosha.

Ukishachagua kipimo, rekebisha darubini kwa kitovu cha kundi la risasi kumi, usifuate tundu moja. Mbofyo mmoja wa kirekebishi cha darubini wa robo dakika (dakika ya pembe, sehemu ya 60 ya nyuzi moja) husogeza mm 7 kwa mita 100. Halafu acha bunduki ipoe kabisa na upige risasi moja tu. Fanya hivyo siku kadhaa, kwenye karatasi ileile. Hiyo ndiyo risasi itakayompata mnyama, na ikiwa mtutu umetoka kusafishwa na una mafuta inaweza kuangukia pembeni mwa zingine.

Andika namba ya kundi la utengenezaji wa baruti, aina ya fataki, urefu wa risasi na joto la siku. Ukinunua kopo lenye namba tofauti, hata la jina lilelile, teremsha kipimo na upande upya.