Karavani ikiyumba, anza na mzigo

Wateja wengi wanaoniletea karavani, yaani nyumba ya magurudumu inayovutwa na gari, hapa Uingereza huja wakiwa wameshachagua kifaa cha kuzuia kuyumba. Mimi huomba kwanza wanifungulie mlango nione walivyopakia.

Cha kupima ni uzito unaokandamiza tufe la kuvutia nyuma ya gari. Kwa kawaida hapa tunataka asilimia 5 hadi 7 ya uzito wa karavani pamoja na mzigo wake. Karavani ya kilo 1,300 itahitaji kilo 65 hadi 90 hivi, mradi usivuke kikomo cha gari wala cha chuma cha kuvutia. Mizani ya bafuni chini ya pua ya karavani (ncha yake ya mbele), na kipande cha mbao katikati yake, vinatosha, karavani ikiwa imesimama sawa bila kuinama. Pua ikiwa nyepesi, upepo wa lori linalokupita utaitupa huku na huku, na mkia wa gari utafuata.

Ila mizani nayo hudanganya. Mtu anafunga baiskeli ukuta wa nyuma, kisha anajaza mitungi ya gesi na zana kwenye sanduku la mbele mpaka namba ikae vizuri. Namba imekaa, karavani bado inayumba, kwa sababu uzito wote uko ncha mbili, na ikishaanza kuzunguka haikamatiki. Kilo 20 zikikaa mita 2.5 kutoka kwenye ekseli, ugumu wa kuzizuia ni mara 25 ya kilo hizohizo zikiwa nusu mita tu. Basi hema, vyakula vya kopo na yale masufuria ya pilau ambayo familia haisafiri bila hayo, vyote vikae sakafuni, juu ya ekseli. Kabati za juu ziachie nguo na blanketi.

Nyuma ya gari ikilala, magurudumu ya mbele hupoteza mshiko na kila tuta linawarusha kama mko mtumbwini. Badilisha springi zilizochoka, na tairi za nyuma zijaze upepo wa gari lenye mzigo. Karavani nyingi za zamani hazina shokapu kabisa. Zikifungwa, mdundo hupungua sana.

Vifaa vya kuzuia kuyumba vinavyobana tufe kwa pedi ni vizuri, ila tufe lisiguswe na grisi. AL-KO ATC, mfumo wa kielektroniki unaofungwa kwenye karavani, hukamata breki zake unapohisi myumbo. Naupenda mfumo huo, lakini hautibu upakiaji mbovu.

Kila gari na karavani yake vina mwendo ambao chini yake myumbo hufa wenyewe, na juu yake hukua. Ukivuta karavani, sheria inaruhusu maili 60 kwa saa kwenye barabara kuu za mwendo kasi kama M6; kwenye mteremko wenye upepo mimi huenda 50. Ikianza kuyumba, ondoa mguu kwenye mafuta na shika usukani umenyooka. Usiifukuze kulia na kushoto, usikanyage breki kwa nguvu, wala usiongeze mwendo ili kuinyoosha, hata kama jirani wa kambini amekuapia kwamba inasaidia. Ikitulia, ingia kituo kinachofuata, uhamishe mzigo.