Maziwa ya ng'ombe na mtoto wa mbwa asiye na mama

Wengi tumekua tukiamini kwamba mbwa akifa au akikosa maziwa, watoto wake watakua vizuri kwa maziwa ya ng'ombe, tena yaliyoongezwa maji yasiwe mazito. Nia ni njema, na hayo ndiyo yaliyo karibu. Lakini maziwa ya mbwa yana mafuta na protini takriban maradufu ya yale ya ng'ombe, na sukari pungufu. Ukizidisha maji, kitoto kinajaza tumbo bila kupata nguvu. Mara nyingi huharisha, na mwili mdogo namna ile hukauka upesi sana.

Hakikisha mwenyewe: kipime kwa mizani ya jikoni kila siku, saa ileile. Kinachoshiba huongezeka uzito kila siku. Kisipoongezeka, kikilialia, wahi kwa daktari wa mifugo na uulizie maziwa ya unga ya watoto wa mbwa. Kinyweshe kikiwa kifudifudi, kamwe si chali, maziwa yasije yakaingia mapafuni.

Kuachishwa huanza wiki ya 3 au 4, kwa chakula kilicholainishwa kama uji. Siku ya kwanza kitakanyaga sahani kuliko kulamba, kiache kijifunze.