Kumtuliza mtoto kabla ya dripu ya saratani

Mtoto anayetibiwa saratani anaweza kutapika kabla dawa haijamgusa. Basi kutoka Kyela au Makete linakaribia Mbeya mjini, analiona geti la hospitali au ananusa spiriti, tumbo linachafuka. Hadeki. Mwili wake umeshaunganisha harufu ile na matapishi ya mizunguko ya dawa iliyopita, na hali hiyo ikishajijenga, hata dawa ya kuzuia kutapika haimsaidii sana. Kwa hiyo mazoezi ya kutuliza mwili yaanze mapema, ikiwezekana kabla ya mzunguko wa kwanza, nyumbani, mtoto akiwa mchangamfu. Kumfundisha wakati sindano imeshaonekana ni kumsumbua bure.

Anza na pumzi. Alale chali, umwekee kitambaa kilichokunjwa juu ya kitovu. Avute hewa kwa pua huku ukihesabu polepole hadi 3, kitambaa kiinuke. Aitoe kwa mdomo hadi 5, kishuke. Pumzi 6 hadi 8, asubuhi na jioni, zinatosha. Akisikia kizunguzungu au vidole vikimchonyota, anapumua haraka mno: apumzike, kisha arudie taratibu. Ganzi isiyoisha hata baada ya kupumzika mwambie daktari, kwani baadhi ya dawa za saratani, vinkristini mojawapo, huathiri mishipa ya fahamu.

Wa miaka 3 au 4 usimhesabie. Mpe mapovu ya sabuni apulize. Povu kubwa halitoki bila pumzi ndefu. Ana vidonda mdomoni? Achana na sabuni, apulize kiganja kana kwamba anapoza uji.

Kuanzia miaka 6 au 7 wengi huweza kukaza na kulegeza misuli: ngumi sekunde 5, kuachia sekunde 10, halafu mabega, uso, miguu. Ruka mkono wenye kanula (mrija mdogo wa dripu), sehemu iliyopasuliwa na popote panapouma.

Safari ya mawazo hupendwa zaidi. Achague mwenyewe pa kwenda, ufukwe wa Matema au mashamba ya chai ya Mufindi, nawe uulize tu: mchanga una joto? Unasikia ndege gani? Msipite jikoni, maana hata kutajiwa samaki wa kukaanga kunaweza kumrudishia kichefuchefu.

Siku ya sindano anzeni dakika 5 kabla, na aongee mtu mmoja. Mama, shangazi na nesi wakisema “tulia, tulia” kwa pamoja, mtoto hukakamaa. Wala usimwambie haiumi. Mwambie itauma kidogo, na kwamba mtapuliza pamoja.

Dawa ya kichefuchefu aendelee kupewa kwa saa yake. Joto likifika nyuzi 38, au akitapika hata maji, acheni mazoezi, mpelekeni hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.