Mfumuko wa bei umeshuka. Sabuni haitashuka.

Jana usiku shemeji yangu kanitumia ujumbe: "Shem, nyie watu wa takwimu mnatuchezea. Mmetangaza mfumuko wa bei umeshuka. Nimetoka dukani sasa hivi, sabuni iko palepale." Chini yake kaweka vikaragosi vitatu vya kucheka ambavyo, kwa ninavyomjua, havikuwa vya kucheka.

Kazi yangu ni fahirisi za bei, yaani namba zinazoonyesha bei za kapu moja la bidhaa na huduma zinavyokwenda. Nilianza kama mkusanyaji, natembea dukani na fomu na kalamu, sasa nakaa mbele ya kompyuta nikihangaika na mizania, yaani uzito ambao kila kitu hupewa kwenye kapu hilo. Swali hili nimelijibu msibani, nimelijibu kwenye foleni, na mara moja nimeulizwa nikiwa nimefumbua kinywa kwa daktari wa meno, ambapo sikuweza kulijibu kabisa. Leo naliandika ili siku nyingine nitume kiungo tu nilale.

Mfumuko wa bei ni mwendo wa bei, si kimo chake. Mtoto akiwa na miaka 13 anarefuka sentimita 9 kwa mwaka. Mwaka unaofuata anarefuka sentimita 3. Kasi imepungua kwa theluthi mbili. Je, amekuwa mfupi? Ile suruali iliyobaki juu ya vifundo vya miguu itamwenea tena? Hakuna mzazi anayempeleka hospitali akauliza mbona mtoto harudi chini. Lakini mfumuko ukitoka asilimia 9 ukafika 3, watu wazima wenye akili zao wanasimama mbele ya rafu wakisubiri sabuni ifupike. Sabuni iko palepale, Shem? Basi hiyo ndiyo habari njema yenyewe. Ingeweza kuwa imepanda.

Ningenyamaza kama kosa hili lingekuwa la lugha tu. Linagharimu pesa. Anayeamini bei zitarudi huishi kama mtu aliyeshikwa na mvua njiani: anajibanza, anangoja ipite. Anachota akiba kidogo, anakopa kidogo, anachukua vitu kwa daftari la dukani, kwa kuwa "hali hii ni ya muda". Si ya muda. Kimo kipya ndicho kimo.

Na mshahara je? Chukua miaka mitatu yenye mfumuko wa 9, kisha 8, kisha 3. Usijumlishe ukapata 20. Kila mwaka unapanda juu ya mgongo wa mwaka uliotangulia: 1.09 mara 1.08 mara 1.03, jibu ni 1.2125. Kapu lililogharimu 100 sasa ni 121 na ushee. Mwajiri ambaye hakuongeza kitu miaka miwili anakuja mwaka wa tatu na uso mkunjufu: mfumuko ni asilimia 3, tumekuongezea asilimia 3, tuko sawa. Hamko sawa. Mshahara wako ni 103 mbele ya kapu la 121, unanunua kama 85 ya ulichokuwa unanunua. Ili urudi ulipokuwa ingebidi uongezewe karibu asilimia 18. Sisemi utapewa. Nasema usitoke ofisini humo ukishukuru kwa kulinganishiwa.

"Basi zitashuka lini?" Baadhi hushuka. Mboga na matunda hufuata msimu, na petroli hufuata soko la dunia, ingawa kwa kuchechemea. Mwaka 1991 mchumi Robert Bacon alichunguza bei za petroli Uingereza, na tangu hapo wachumi tuna msemo kwamba bei hupanda kama roketi na kushuka kama unyoya. Fahirisi ya bei za vyakula ya FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, ilifika kilele Machi 2022, kisha ikateremka miezi mingi mfululizo. Rafu za maduka hazikuteremka nayo, kwa sababu nafaka ndani ya pakiti ni sehemu tu ya bei ya pakiti. Kuna kifungashio, usafiri, umeme, kodi ya duka na mshahara wa anayekupimia, na hivyo vyote vilishapanda vikatulia huko juu.

Kisha kuna jambo ambalo benki kuu hazilifichi ila hakuna anayesoma: hazina nia ya kurudisha bei chini. Tangu New Zealand ilipoanzisha utaratibu wa kulenga mfumuko mwaka 1990, nchi nyingi zimejiwekea lengo, mara nyingi asilimia 2 au zaidi kidogo. Asilimia 2 kila mwaka maana yake bei zinakuwa maradufu kwa miaka 35 hivi, na hapo benki kuu inajipongeza. Bei za karibu kila kitu zikishuka kwa pamoja huwa kuna msiba mahali. Marekani kati ya 1929 na 1933 bei za mlaji zilianguka kwa takriban robo, na kufikia 1933 karibu mfanyakazi mmoja kati ya wanne hakuwa na kazi. Sabuni ya bei rahisi ilikuwepo. Pesa ya kuinunua ndiyo haikuwepo.

Hapo shemeji huhamia shtaka la pili: basi takwimu zimepikwa, maana kwangu vitu vimepanda kuliko mnavyosema. Hili silikejeli. Mara nyingi anasema kweli kuhusu kwake, na sisi tunasema kweli kuhusu kapu ambalo si lake.

Tuseme chakula kimepanda asilimia 12 na vingine vyote asilimia 2. Nyumba ambayo nusu ya matumizi yake ni chakula imepandiwa na asilimia 7. Nyumba inayotumia asilimia 15 tu kwa chakula imepandiwa na 3.5. Zote mbili ziko mtaa mmoja, zinasikiliza redio moja, na redio inatangaza 4.5. Mmoja anaona tumetia chumvi, mwingine anatuita waongo. Mwaka 1857 mtakwimu Mjerumani Ernst Engel, akitazama matumizi ya familia za wafanyakazi wa Ubelgiji, alionyesha kwamba kipato kikiwa kidogo, fungu la chakula huwa kubwa. Kwa hiyo chakula kikiongoza kupanda, tunajua mapema nani ataumia zaidi ya wastani.

Tena wastani wenyewe si wa watu. Mizania ya kawaida hutokana na jumla ya matumizi ya nchi nzima, kwa hiyo anayetumia 90 ana sauti mara tisa ya anayetumia 10. Kila sarafu ina kura moja. Kichwa hakina kura. Ziko sababu nzuri za kufanya hivyo kama unachotaka kupima ni uchumi. Kama unachotaka kujua ni jinsi watu wanavyoishi, mimi binafsi sina raha nayo, na sijawahi kuwa na raha nayo.

Kuna na hili la ubora, ambalo vitabuni hupita haraka kama mtu anayepita karibu na anayemdai. Simu ya mwaka huu inauzwa bei ileile ya mwaka jana lakini kamera yake ni bora. Sisi tunaandika: imeshuka bei. Kwenye karatasi inapendeza. Dukani, mwenye simu iliyokufa anatoa pesa ileile. Nimefanya marekebisho ya namna hiyo mamia ya mara, na ziko siku nilijiona mpiga ramli mwenye digrii. Na kiroja ni kwamba mwaka 1996 tume ya wachumi iliyoongozwa na Michael Boskin ilisema fahirisi ya Marekani inazidisha mfumuko kwa pointi 1.1 hivi za asilimia kwa mwaka, sababu mojawapo ikiwa eti ubora mpya hauhesabiwi vya kutosha. Mlaji anasema tunapunguza, wataalamu wanasema tunazidisha. Tukimaliza hapo tunakwenda kunywa chai.

Sasa pakiti. Kwenye fomu ya mkusanyaji kuna safu ya bei, na pembeni yake safu ya ujazo. Nikiwa mgeni kazini nilikuwa na duka moja la kwenda kila mwezi, na kwenye orodha kulikuwa na sabuni ya unga ya gramu 500. Miezi mitatu nikaandika bei ileile, na kwenye ujazo nikanakili fomu ya mwezi uliopita bila kuinua pakiti. Msimamizi wangu akaja na mbili, akaziweka mezani kwa mbele: upana uleule, urefu uleule, rangi ileile. Kisha akazigeuza ubavu. Mpya ilikuwa nyembamba kwa unene wa kidole. Gramu 450. Mimi niliyelipwa kutazama sikuona. Sembuse mtu mwenye mtoto mgongoni na foleni nyuma yake.

Na tafadhali, hapo bei haijapanda asilimia 10. Umepewa pungufu ya asilimia 10, lakini ili upate gramu 500 zilezile utalipa asilimia 11.1 zaidi. Pakiti ikipungua kwa robo, bei ya gramu imepanda kwa theluthi. Ndiyo maana nawachosha watu na bei ya kipimo: gawanya bei kwa gramu au mililita, usilinganishe pakiti kwa pakiti. Ufaransa tangu Julai 2024 inayalazimu maduka makubwa kuweka tangazo karibu na bidhaa iliyopunguzwa ujazo wakati bei ya kipimo imepanda. Kwingine kwingi, kikokotoo cha simu.

Ushauri unaonikera kuliko wote ni ule wa "nunua nyingi sasa kabla haijapanda". Unasemwa kwa sauti ya mtu aliyegundua dhahabu. Hebu tupige hesabu. Sabuni inapanda asilimia 10 kwa mwaka, wewe unanunua ya miezi sita leo. Umeokoa asilimia 10? Hapana. Ya mwezi wa kwanza ungeinunua kwa bei hii hii. Ya mwezi wa mwisho ungeinunua ikiwa imepanda kama asilimia 4 au 5. Wastani wako ni asilimia 2 na kitu. Mche mmoja katika ishirini ukiloa au ukiliwa na panya, umepoteza 5. Na aliyekopa kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi ili awahi bei, huyo sina la kumwambia, nitatoka nje kidogo nirudi.

Kinachookoa kwa kununua nyingi ni bei ya kipimo, pale pakiti kubwa inapokuwa rahisi kwa gramu. Si kila mara huwa rahisi, gawanya kwanza. Na hata hapo, nyumbani kwangu dumu la lita tano la sabuni ya maji haliishi mara tano ya chupa ya lita moja. Mkono ukiona dumu limejaa hukunjuka. Nimejaribu kulipima mara mbili, nikaacha, amani ya nyumba ina thamani yake. Lililo zito zaidi ni hili: anayepokea ujira wa siku ananunua kwa kipimo cha siku, na analipa ghali kwa gramu. Ushauri wangu mzuri wote wa bei ya kipimo unamfaa zaidi mwenye kiasi kilichobaki mwisho wa mwezi. Nimeutoa miaka mingi kabla ya kuliona hilo, na sikuliona mwenyewe, niliambiwa.

"Hamia chapa ya bei rahisi" nayo ina mwiba. Wachumi Alberto Cavallo na Oleksiy Kryvtsov walipochambua bei za vyakula katika maduka makubwa ya nchi 10, waliona kwamba wakati wa wimbi la bei la baada ya janga la korona, chapa za bei ya chini zilipanda kwa kasi kuliko za bei ya juu. Mwenye uwezo aliteremka ngazi moja akapata nafuu. Aliyekuwa tayari kwenye ngazi ya chini hakuwa na pa kuteremkia, na ngazi yake ndiyo iliyopandishwa.

Basi nimemwambia shemeji achukue daftari. Si programu, daftari. Aandike matumizi ya mwezi mmoja, ateue mistari kumi inayokula pesa nyingi, na kila mstari apige fungu lake mara kiasi kilichopanda. Nauli ikiwa ni asilimia 20 ya matumizi na imepanda asilimia 10, imemwongezea pointi 2. Chumvi ikiwa maradufu lakini ni asilimia 0.2 ya matumizi, imeongeza 0.2 tu. Watu hukumbuka chumvi, kwa kuwa kupanda maradufu kunashtua, wakavuka barabara tatu kutafuta chumvi rahisi, wakarudi kwa gari. Kwa nauli.

Asubuhi kanitumia picha ya ukurasa. Mwandiko wa haraka, mistari tisa, jumla imefutwa mara mbili. Chini ya jumla kauliza: "Na deni la dukani niliandike mstari gani? Hapa nanunua sabuni, na hapa nalipa sabuni ya mwezi jana na nyongeza yake." Nimekaa na swali hilo kifungua kinywa kizima. Fahirisi nyingi haziingizi riba ya mkopo wa matumizi kwenye kapu, na kazini nina sababu nne za kuitetea kanuni hiyo. Nimemjibu bei ya sabuni iende mwezi aliponunua, na nyongeza aipe mstari wa kumi, peke yake. Kajibu kwamba mstari huo umetoka wa pili kwa ukubwa.